Fishi yako ya munganga katika ordinatere: sanduku tupu si sifuri



Unapofika dispensari kwa kupimwa kwa mwaka, infirmie anakukalisha mbele ya meza na kuanza maswali. Matrikile ngapi? Unafanya kazi wapi: chini shimoni, kiwandani, au kwenye lori? Tangu mwaka gani? Unakaa kartiye gani? Nguo za kazi zinafuliwa wapi, na nani anazifua? Watoto wangapi? Halafu anakupa chupa ndogo kwa ajili ya mkojo.

Wengi wetu hujibu haraka haraka ili kurudi nyumbani. Kwa swali tusilolipenda tunasema: "Andika tu vile." Infirmie naye amechoka, watu thelathini wangali kwenye benchi, na pale jibu linapokosekana yeye anatia kistari, au anatia sifuri, au anaacha wazi. Hakuna mtu anayeona ubaya. Ni karatasi tu.

Leo ukurasa huu wa usalama na afya unataka kukuonyesha karatasi hiyo inakwenda wapi. Zamani fishi ilikaa kabatini mpaka panya wakaila. Siku hizi inachapwa katika kompyuta, ile tunayoiita ordinatere, na katika makampuni mengi makubwa ya dunia inatumwa mbali, mahali wanapopaita "wingu". Huko inaundwa tablo, ambayo wenye kazi hiyo wanaiita datafremu. Mtu ambaye hajawahi kukuona uso ataangalia tablo hiyo na kusema: vumbi la mahali hapa limezidi, ongezeni maji na mabarakoa. Au atasema: hakuna neno, endeleeni. Afya ya mapafu yako inategemea sentensi hizo mbili. Kwa hiyo ni vema ujue namna tablo inavyoundwa, na mahali inapoweza kuharibika.

KASULO, KARIBU NA KWETU

Tuanzie pale tunapopajua. Kasulo ni kartiye ya Kolwezi. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba chini ya viwanja vya watu kuna mawe meusi yenye kobalti. Kwa muda mfupi mashimo yakafunguliwa katikati ya nyumba, uani, hata ndani ya nyumba penyewe. Mwaka 2017 sehemu moja ilizungushiwa ukuta, wakaaji wake wakahamishwa, na uchimbaji wa mikono ukawekwa chini ya ulinzi. Lakini katika siku za mashimo yale vumbi lilikuwa kila mahali: juu ya sufuria, juu ya mkeka wa mtoto, juu ya mboga.

Waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwamo Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven huko Ubelgiji, akiwamo Benoit Nemery, walikwenda kupima watu wa Kasulo. Walichukua damu na mkojo wa wakaaji 72, na kati yao 32 walikuwa watoto. Kisha wakafanya jambo la akili: wakaenda kartiye ya jirani isiyo na mashimo, wakapima watu wanaofanana na wale wa kwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida linaloitwa Nature Sustainability. Watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti katika mkojo mara kumi kushinda watoto wa kule kwingine. Tena zilionekana dalili kwamba ADN yao, yaani urithi ulio ndani ya chembe za mwili, ilikuwa imeumizwa.

Angalia vizuri jambo hilo. Mtoto anayetambaa hashuki shimoni na hapokei mshahara, lakini yeye ndiye aliyebeba kobalti nyingi. Hakuna mtu aliyeliona kwa macho, maana kobalti katika mkojo haina rangi. Limeonekana katika tablo. Upande huu mistari ya watu wa Kasulo, upande ule mistari ya majirani, na katika kila mstari safu moja ya umri, safu moja ya kartiye, safu moja ya kipimo. Ukiondoa safu ya umri, watoto wanapotea katikati ya wakubwa. Ukiondoa safu ya kartiye, hakuna tena cha kulinganisha.

Kwa watu 72 ordinatere moja ndogo ya biro inatosha. Lakini fikiria kampuni yenye wafanyakazi maelfu, kila mmoja na mke na watoto, na kila mmoja anapimwa kila mwaka kwa miaka ishirini. Hapo ndipo wingu linapoingia.

WINGU, NA TABLO INAYOUNDWA HUMO

Usitazame juu. Wingu ni majumba makubwa yaliyojaa mashine, yenye umeme na vipoza hewa, katika nchi mbalimbali. Kampuni inakodi nafasi mle kama vile mtu anavyokodi gala. Mashine ya biro ya Kolwezi inatuma amri kwa njia ya intaneti, na mashine za huko ndizo zinazofanya hesabu. Moja ya gala hizo inaitwa Snowflake. Ilianzishwa mwaka 2012, na wawili kati ya waanzilishi wake watatu ni Wafaransa. Njia yao ya kutoa amri kwa programu inaitwa Snowpark, na tangu mwaka 2022 imefunguliwa kwa wote wanaoandika kwa lugha ya Python, ambayo watoto wetu wengi wanajifunza chuoni. Tunaitwaa kama mfano, maana nyingine zinafanana nayo sana.

Neno datafremu lenyewe lina umri. Lilijulikana mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika lugha ya hesabu iitwayo S, iliyotengenezwa na Bell Labs huko Marekani. Maana yake si ngumu: ni tablo ambayo kila mstari ni mtu mmoja au kipimo kimoja, na kila safu ina jina lake na aina yake. Ukisimama penye mstari na safu unakuta sanduku, na ndani ya sanduku jibu moja. Umekwisha kuiona mara nyingi. Daftari la kapita la kuhesabu watu asubuhi ni datafremu ya penseli.

Kuiunda kuna njia tatu au nne. Ya kwanza ni kuandika mistari kwa mkono ndani ya amri yenyewe. Mtoto wako anayesoma informatiki atakuandikia hivi:

tablo = session.create_dataframe(
[["00412", "shimoni", 12.0],
["00967", "kiwanda", 18.0],
["01530", "lori", None]],
schema=["matrikile", "kazi", "kobalti_mkojo_ug_l"])

Namba hizo ni mfano tu, hatukupima mtu. Tuzisome pamoja. Neno session ni mlango: kabla ya amri yo yote umetaja jina lako na neno la siri, kama vile unavyoonyesha kadi getini kabla ya kuingia kazini. Bila hiyo hakuna kitu kinachopita. Neno create_dataframe ndilo linalosema: unda tablo. Kisha mabano ya mraba, kila bano dogo ni mstari wa mtu mmoja. Mwishoni, schema ni majina ya safu. Neno None katika mstari wa tatu, lishike kichwani. Tutalirudia.

Njia ya pili ni kutwaa tablo ambayo tayari imo katika gala na kuitaja kwa jina lake tu. Njia ya tatu ni kusoma faili iliyopelekwa huko, kwa mfano ile iliyochapwa dispensari. Kuna na ile ya kutwaa tablo iliyokwisha kuundwa katika ordinatere yako kwa chombo kingine kiitwacho pandas, kilichoanzishwa na Mmarekani Wes McKinney mwaka 2008. Katika kazi ya afya njia ya faili ndiyo ya kila siku, na ndiyo yenye mitego mingi.

MITEGO MIDOGO YENYE MENO

Sisi tumesoma shule kwa Kifaransa. Tunaandika kumi na nane na nusu kwa mkato: 18,5. Programu hizi zimezaliwa katika lugha nyingine, nazo zinataka nukta: 18.5. Je, utasema ni neno dogo? Faili nyingi zinatumia mkato huo huo kutenga sanduku na sanduku. Infirmie anachapa 18,5 na mashine inaona masanduku mawili, moja la 18 na jingine la 5. Kuanzia hapo mstari wote unasogea upande mmoja: kipimo cha kobalti kinaingia kikiwa 18 tu, bila ile nusu, 5 inaingia mahali pa idadi ya watoto, na idadi ya watoto inaingia mahali pa miaka ya kazi. Mtu mwenye miaka 22 shimoni anakuwa mgeni wa mwaka wa tatu. Kama faili inatenga kwa alama nyingine, basi 18,5 inabaki kipande kimoja, lakini mashine inaiona kuwa ni neno, kama vile "shimoni" ni neno, na maneno hayajumlishwi.

Ndiyo sababu fundi mzuri hatosheki na kutaja majina ya safu. Ukimpa Snowpark majina peke yake, inakisia aina ya kila safu kwa kutazama yaliyomo. Fundi mzuri anaitangulia: hii ni safu ya maneno, hii ni ya namba zenye nukta, hii ni ya tarehe. Hapo 18,5 ikija inakataliwa, na makelele yanasikika siku ile ile. Kwa maoni yetu, mashine inayokataa ni afadhali kushinda mashine inayokubali yote. Walinzi wa getini tunawajua vile vile.

Matrikile yako ni mtego wa pili. Ikianza na sifuri mbili, 00412, nayo ikaandikwa kama namba, mashine inatupa sifuri na kubakiza 412. Mwaka unaofuata wanatafuta 00412 na hawamkuti. Matrikile si namba ya kuhesabu. Hakuna anayejumlisha matrikile ya watu wawili. Ni jina lako kwa tarakimu, na katika amri yetu hapo juu imewekwa ndani ya alama za maneno ili isipoteze kichwa.

Tarehe: 03/04 kwetu ni siku ya tatu ya mwezi wa nne, na kwa Mmarekani ni siku ya nne ya mwezi wa tatu. Andika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, na ugomvi unakwisha.

Halafu kipimo chenyewe. Kobalti ya mkojo inapimwa kwa mikrogramu, na mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Maabara moja inaandika mikrogramu kwa lita ya mkojo. Nyingine inaandika kwa gramu ya kreatinini, ambayo ni kitu kinachotoka katika mkojo wa kila mtu, na inasaidia kusahihisha mkojo mwepesi wa mtu aliyekunywa maji mengi. Namba mbili hizo hazilingani, na hazipaswi kulala katika safu moja. Tazama tena jina la safu yetu ya tatu: lina "ug_l" mwishoni, yaani mikrogramu kwa lita. Safu isiyotaja kipimo chake ni kama chupa isiyo na karatasi katika gala la dawa.

SANDUKU TUPU

Sasa turudi kwa yule wa lori, mwenye None. Maana yake: hakuna jibu. Pengine chupa ilivunjika, pengine alikuwa safarini siku ile, pengine alikataa. Mashine inalitunza sanduku hilo likiwa tupu, na hailichanganyi na sifuri.

Fanya hesabu hii mezani kwako, na mtoto wako wa darasa la nne akusaidie. Watu watano wa kikosi kimoja wameitwa. Wa kwanza ana 12, wa pili 18, wa tatu 30. Wa nne na wa tano hawakupimwa. Ukijumlisha 12 na 18 na 30 unapata 60. Ukigawa kwa watu watatu waliopimwa unapata 20. Sasa infirmie mchovu ameandika sifuri kwa wale wawili. Jumla ni ile ile 60, lakini mashine inagawa kwa watano, unapata 12.

Kuna tofauti gani kati ya 20 na 12? Chama cha wataalamu wa afya ya kazi cha Marekani, kinachoitwa ACGIH, kimeweka alama ya 15. Maana yake, mkojo wa mfanyakazi mwishoni mwa zamu, mwishoni mwa juma la kazi, ukipita mikrogramu 15 kwa lita, mahali pake pa kazi pachunguzwe. Kikosi chetu chenye 20 kimepita alama: mtu atatumwa kutazama vumbi, mabomba ya maji, mabarakoa. Kikosi hicho hicho chenye 12 hakitatembelewa na mtu. Watu ni wale wale, vumbi ni lile lile. Sifuri mbili za uongo zimewafungia mlango. Na hao wawili wasiopimwa, pengine ndio waliokuwa mahali pabaya kushinda wote. Mara nyingi anayekosa kupimwa ni yule ambaye kazi yake haimwachi.

Snowpark ikiombwa wastani inaruka masanduku matupu yenyewe, inagawa kwa waliopimwa peke yao. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini haiwezi kujua kwamba sifuri uliyoiandika wewe ni ya uvivu. Tena iko sifuri ya namna nyingine, isiyo ya uvivu: maabara inapopima kweli na kukuta kobalti ni kidogo kupita uwezo wa mashine yake. Hapo si sifuri na si tupu. Maabara nzuri inaandika "chini ya" na kutaja mpaka wake, na katika tablo hilo linahitaji safu yake peke yake. Kuna biro zinazosema safu hiyo ni kazi ya bure. Sisi tunaona ni nusu saa tu ya kazi.

KENGELE YA SHIMONI

Jambo jingine linawashangaza vijana wanaoanza. Wameandika amri ya kuunda tablo, wameandika amri ya kuchagua watu wa shimoni tu, wameandika amri ya kutafuta wastani, na hakuna kilichotokea. Wanafikiri mashine imekufa.

Wewe uliyewahi kushuka shimoni kwa kreti ya kamba utaelewa upesi. Watu wamekwisha kuingia, mlango umefungwa, kila kitu ni tayari, lakini kreti haishuki mpaka kengele ilie. Datafremu ya Snowpark ni hivyo. Inakusanya amri zako zote na kuzishika. Inangoja ile amri ya kusema onyesha, au hesabu, au leta. Hapo kengele imelia, na amri zote zinakwenda mara moja kwenye gala, kazi inafanyika kule kule, na jibu peke yake ndilo linalorudi Kolwezi. Ni faida kubwa pale ambapo intaneti ni hafifu na inalipwa kwa megabaiti: mistari milioni moja haisafiri, inasafiri namba moja ya wastani.

Hatari yake: kosa linalala. Ulikosea jina la safu asubuhi, na mashine inakuambia jioni, kengele inapolia. Na kama hukutoa amri ya kuhifadhi tablo katika gala kwa jina lake, ukifunga mlango inakwenda na maji. Biro ijue hayo.

SAFU YA KAZI YA BABA

Tuseme pia juu ya maswali yanayowaudhi wengine. Kwa nini mama mjamzito anaulizwa kazi ya mume wake? Mimba si yake yeye?

Huko Lubumbashi, kati ya mwaka 2013 na 2015, waganga walifuatilia watoto 138 waliozaliwa na kilema kinachoonekana kwa macho, na watoto wengine 108 waliozaliwa wazima. Waliwauliza wazazi, wakapima madini katika mkojo wa mama, katika damu ya kitovu, katika kondo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la The Lancet Planetary Health. Kobalti katika mkojo wa mama haikuwatenga wale wa kwanza na wale wa pili. Kilichojitokeza kwa nguvu ni safu moja ya maneno: kazi ya baba. Mtoto ambaye baba yake alifanya kazi ya madini alikuwa na hatari iliyozidi mara tano.

Tusikutishe kupita kiasi. Watu waliopimwa ni wachache, kwa hiyo hesabu hiyo ina mipaka mipana sana: hatari ya kweli inaweza kuwa juu kidogo tu ya ile ya kawaida, au kufika mara ishirini na tano. Ndivyo waganga wenyewe walivyoandika, na ni uaminifu wao. Lakini fikiria kama fishi isingekuwa na safu ile, au kama akina mama wangejibu "andika tu vile". Wangepima madini yote ya dunia na kurudi mikono mitupu.

Wewe baba, usikasirike. Kazi yako katika safu haikuhukumu. Inatuambia wapi pa kuweka bafu, na kwa nini nguo za kazi zibaki kazini, zisifuliwe katika beseni moja na nepi za mtoto.

KABLA YA KUJIBU

Wengine wanaogopa: nikisema kweli, je, nitaondolewa kazini? Ni swali la haki. Nchini kwetu sheria ya mambo ya dijitali, iliyotolewa tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi, na habari za afya ni kati ya zile zinazotaka ulinzi mkubwa. Katika tablo ya uchunguzi jina lako halina kazi. Inatosha alama moja ya siri, na daftari la kuunganisha alama na jina likae kwa munganga, lisikae kwa kapita. Unaruhusiwa kuuliza: tablo hii inasomwa na nani? Infirmie mwenye adabu hatakasirika.

Siku ya kupimwa, basi, omba kuona fishi kabla haijaondoka mezani. Soma matrikile tarakimu kwa tarakimu, pamoja na sifuri zake za mbele. Kama kitu hakikupimwa, omba kiandikwe "haikupimwa". Kama hulijui jibu, sema hulijui, na liandikwe hivyo hivyo. Mwaka wa kwanza wa kazi yako utaje pamoja na kampuni za zamani ulizopitia, hata ile ya miezi sita, maana mapafu yanakumbuka zote.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chupa. Vumbi la kidole kimoja likianguka ndani, maabara itapima kidole chako, na namba itaingia katika safu kama namba nyingine, bila haya.

Na uangalie saa. Kobalti nyingi hutoka katika mkojo upesi, kwa muda wa siku chache. Mkojo wa Jumatatu asubuhi, baada ya kupumzika nyumbani, hauelezi kitu kile kile unachoeleza mkojo wa mwisho wa juma baada ya zamu, na ile alama ya 15 ni ya huo wa mwisho wa juma. Kwa hiyo siku na saa ya kuchukua chupa ziandikwe. Kama fishi ya dispensari yenu haina safu ya saa, mwambie infirmie aiandike pembeni kwa kalamu, kisha mkalieni mwenye kuchapa aiongeze katika tablo.